Koti la Mgombea

Mouigni hakupenda kuharakishwa, na asubuhi ile Athoumani, katibu wa chama, alimharakisha mara tatu kabla chai haijapoa.

"Uchaguzi ni Jumapili ya wiki ijayo, mzee wangu. Pingamizi limeshawekwa. Katiba ya chama inataka lichunguzwe na mtu asiye mwanachama, na kamati imekuchagua wewe."

"Imenichagua kwa sababu inanipenda?"

"Imekuchagua kwa sababu hakuna upande unaokupenda."

Hapo Athoumani alisema kweli. Katika miaka yake ya upolisi hapa Mahajanga, Mouigni alikuwa amemlaza mahabusu karibu kila kuli wa bandarini, wa upande huu na wa upande ule, na kila mmoja alitoka akimlaani. Sasa amestaafu, anauza mafuta ya taa na sabuni mtaa wa Tsaramandroso, na ukimwomba akukopeshe kipande cha sabuni atakutazama kama umemwomba figo. Lakini hajapata kusema uongo mbele ya watu, na hilo hata maadui zake walilijua.

Alivaa viatu, akamfuata katibu hadi ofisi ya Chama cha Makuli. Njiani Athoumani alisimama mara mbili kuirekebisha kofia yake mbele ya vioo vya maduka. Ilikuwa kofia ya kushonwa kwa mkono, kazi ya mkewe, na mji mzima ulikwisha kusikia bei ya uzi wake.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, nyuma ya wauza samaki wakavu. Katiba ya chama iliandikwa Kifaransa, ikasomwa Kimalagasi na kugombaniwa Kikomoro, kwa hiyo kila neno lake lilikwisha kupigwapigwa vya kutosha. Kifungu kilicholeta kesi hii hakikuwa kigumu: mtu aliyefanya unyapara ndani ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi haruhusiwi kugombea uongozi. Nani asiyejua sababu? Nyapara ndiye anayesimama langoni alfajiri akichagua nani abebe magunia leo na nani arudi nyumbani na njaa yake. Ni mkono wa tajiri. Huwezi kuwa mkono wa tajiri mwezi wa sita, halafu mwezi wa nane ukataka kuwa mdomo wa makuli.

Na aliyetajwa kwa unyapara alikuwa Mikidache, kuli mwenye maneno machache, mtu wa kwanza kuthubutu kugombea ukatibu dhidi ya Athoumani tangu nchi ipate uhuru miaka miwili iliyopita. Ahadi yake ilikuwa moja tu: kazi ya gatini igawiwe kwa zamu, si kwa upendeleo. Akizuiwa, Athoumani angepita bila kupingwa.

"Aliyeweka pingamizi yuko wapi?" aliuliza Mouigni.

Houssen alisimama. Alikuwa kuli wa melini, anayesafiri na meli ndogo ya mizigo baina ya Mahajanga na Nosy Be. Alihamia nchi hii ukubwani, kutoka Anzuwani, na Kimalagasi chake bado kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa akikunjakunja mikono kama mtu aliyeitwa kwenye mazishi ya asiyemjua.

"Ulimwona wapi Mikidache?"

"Marodoka, kule Nosy Be. Mwezi wa sita. Nilitumwa nipeleke mchele kwa mfanyabiashara mmoja. Nikapita penye uwanja wa nyumba, watu wamejaa. Mikidache amekaa mkekani, na mbele yake amesimama mtu mrefu anamtukana."

"Anamtukanaje?"

Houssen alitazama chini. "Alisema, 'Wewe nyapara! Umenenepa kwa jasho la makuli! Unawachapa watu, kisha unakula mshahara wao!' Hayo niliyaelewa vizuri. Alipiga kelele, kila mtu akasikia."

"Mikidache akajibu nini?"

"Hakujibu. Hilo ndilo lililonishtua. Mimi ningemrukia. Yeye aliinamisha kichwa, kisha akampa yule mtu kitu."

"Kitu gani?"

"Sikuona. Watu walikuwa wamesimama mbele yangu."

"Na hao watu walifanya nini?"

"Walicheka."

Mouigni aliinua uso. "Walicheka?"

"Walicheka mno. Nikasema moyoni, mtu huyu amechukiwa mpaka aibu yake imekuwa sherehe."

"Una ugomvi naye?"

"Mimi? Nilipofika mji huu sina hata sufuria, ni yeye aliyeniazima. Wallahi ningependa iwe uongo. Lakini niliona kwa macho yangu, na katiba ni katiba."

Mouigni alikuwa amewahoji waongo wengi. Huyu hakuwa mmoja wao, na jambo hilo lilimkera, maana waongo ni kazi rahisi.

Athoumani aliegemea kiti. "Lisemwalo lipo, mzee wangu. Mtu anaitwa nyapara mbele ya umati, hajibu, tena anatoa na zawadi. Huko si kukiri? Hebu niambie: mtu safi atavua koti lake ampe anayemtukana?"

"Sidhani," alisema Mouigni, akaenda kumtafuta mshitakiwa.

Alimkuta langoni mwa bandari saa ya chakula. Makuli walikuwa wamekaa pamoja ukutani na mabakuli yao ya wali. Mikidache alikuwa amekaa peke yake juu ya mbao, na baina yake na wenzake palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha mkokoteni. Upepo wa kipupwe ulivuma kutoka mtoni, na yeye alikuwa na shati tu.

Mouigni hakuzunguka. "Umewahi kuwa nyapara?"

"Sijawahi."

"Kuna mtu alikuita nyapara kule Marodoka?"

"Aliniita."

"Mbona hukumjibu?"

Mikidache aliendelea kutafuna. "Hilo sitakwambia."

"Ulimpa nini?"

"Hilo nalo sitakwambia."

"Mwanangu, unajua kwamba unajichimbia kaburi?"

"Najua." Aliweka bakuli chini. "Tena inaniuma, mzee. Leo asubuhi nimeshika ncha moja ya gunia, na mtu niliyebeba naye miaka saba amekataa kushika ncha ya pili. Lakini yule mtu sina ruhusa ya kumshitaki, wala kusimama mbele ya baraza nikajitetea juu ya aliyoniambia. Sitafanya hivyo hata nikikosa uchaguzi na jina langu likafa. Nenda Marodoka mwenyewe, uulize nyumba ya Mariyama. Ukiyajua kwa njia yako, hayo ni yako."

Mouigni alirudi dukani akiyapima maneno hayo. Katika upolisi wake, mtu aliyelipa na kunyamaza alikuwa ni mtu aliyetishwa, na mtu hutishwa kwa jambo alilolifanya. Alimwachia mkewe duka, akamwambia asimkopeshe mtu yeyote, hata imamu.

*

Bahari haikumpenda Mouigni, naye aliirudishia chuki hiyo kwa ukamilifu. Alitapika kutoka Mahajanga hadi Nosy Be, akashuka Hell-Ville amekuwa rangi ya papai bichi. Harufu ya sukari na ya langilangi iliyokuwa gatini haikumsaidia.

Alianza na gati lenyewe. Kama Mikidache aliwahi kuwa nyapara katika kisiwa hiki, angekuwa hapa tu, kwenye mizigo. Nyapara wa sasa aliitwa Maoulida, mtu mnene mwenye filimbi shingoni. Alikuwa akiipuliza hata alipotaka kikohozi chake kisikike.

"Mikidache wa Mahajanga?" Maoulida aliitema filimbi. "Unanikumbusha nini mchana huu?"

"Alifanya kazi hapa?"

"Mwezi wa sita. Alikuja kwa mambo ya kwao, akaomba vibarua vya siku chache apate nauli ya kurudi. Nikamwandika kuli."

"Kuli, si nyapara?"

"Nyapara!" Maoulida alicheka kwa hasira. "Nyapara ni mimi hapa, na kabla yangu ni marehemu baba yangu. Yule bwana, siku yake ya pili tu, aliwakalisha watu wangu wote chini. Eti hawainuki mpaka yaletwe maji ya kunywa. Watu wangu! Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma, hakuna aliyesimama. Ilibidi nilete maji mwenyewe. Mtu kama yule simpi filimbi hata akiwa anazama anataka kuita msaada."

"Utakuja Mahajanga useme hayo mbele ya baraza?"

"Nikaseme kwamba nilibeba ndoo? Thubutu!"

Akapuliza filimbi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mouigni alikuwa na nusu ya jibu. Mikidache hakuwa nyapara hapa, na adui yake ndiye aliyemtakasa, jambo ambalo ni zuri kuliko ushahidi wa rafiki. Lakini ushahidi huo haungevuka maji. Barazani kungebaki maneno ya Houssen: tusi, kimya na zawadi. Mtu asiye na hatia, kwa nini alipe?

*

Nyumba ya Mariyama ilikuwa ya mawe ya zamani, nusu yake imeanguka na nusu ina mapazia mapya. Mwenyewe alikuwa uani anapembua mchele, mwanamke wa makamo aliyejifunga leso kifuani na nyingine kichwani, mwenye sauti ya kumfikia mtu wa mtaa wa pili.

"Mbola tsara!" alimwitikia kwa salamu ya hapo, kisha aliposikia lafudhi yake akageukia Kikomoro. "Karibu, baba. Unatoka Mahajanga? Umekonda, au ndivyo ulivyo?"

"Bahari, mama."

"Basi kaa. Mkono wako mzima?"

"Mzima."

"Nikunie nazi hiyo. Mimi siwezi kuongea na mtu aliyekaa tu."

Hivyo ndivyo askari mstaafu, aliyewahi kuogopwa kuanzia bandarini hadi mwisho wa mji, alivyojikuta ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Alianza kuhoji kwa kadiri nazi ilivyomruhusu.

"Mwezi wa sita palikuwa na mkutano wa makuli hapa uani?"

"Mkutano wa nani? Hapa palikuwa na matanga. Kaka yangu alifariki, Mungu amrehemu. Mikidache alikuja kumzika mjomba wake."

Mouigni aliacha kukuna. "Matanga? Shahidi wangu aliona watu wanacheka."

"Walicheka sana."

"Msibani?"

"Wewe umezaliwa wapi, baba? Alikuwapo Jaotombo! Akija Jaotombo nani asicheke? Kwanza alilizuia jeneza mlangoni, akasema marehemu hatoki mpaka amlipe kuku aliyemwibia mwaka wa njaa. Imamu wetu maskini akajitia kiziwi. Kisha akaingia kaburini yeye na ndugu zake, wakachimba, wakazika, wakanawa, wakarudi kula. Siku ya saba akaja tena kutumalizia. Mimi aliniita mchawi. Mikidache alimwita nyapara, mla jasho la makuli. Tusi gani lingemchoma zaidi mtu kama yule? Jaotombo hufikiri kabla ya kutukana."

"Jaotombo ni nani wenu?"

"Ni ziva wetu."

Mouigni aliitazama nazi, akajiona mpumbavu. Ziva! Watu wa pwani hii wote walilijua jambo hilo, naye alilijua tangu utotoni. Ni utani wa ukoo na ukoo, uliorithiwa kwa mababu. Mtani hukutukana mbele ya wakwe, hukuchukulia kitu chako mwilini ukiwa unatazama, na wewe huruhusiwi kujibu, hukasiriki, humnyimi. Kwa malipo yake, siku ya msiba ndiye anayekuchimbia kaburi. Lakini Houssen, mtu wa Anzuwani, angejuaje? Alipita njia na gunia la mchele, akaona mtu anatukanwa, akaona watu wanacheka, akajaza mengine mwenyewe. Hakuna aliyekuwa analia, basi hakujua kwamba pale palikuwa na msiba.

"Mbona Mikidache hakuniambia?" alisema, na safari hii aliuliza kwa uchungu. "Neno moja tu! Amekaa kule anatengwa kama mwenye ukoma, kumbe ni utani!"

Mariyama aliacha kupembua. "Angekwambia wewe, wewe ungelipeleka barazani. Neno la ziva halipelekwi barazani, baba. Ukisimama mbele ya watu ukasema 'yule alinisingizia,' umeshamshitaki mtani wako, na utani umevunjika. Siku nikifa mimi, nani atashuka kaburini? Mikidache ananilindia kaburi langu. Nilijua ni mtoto wa maana, lakini sikujua ni kiasi hicho." Alijifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akakaripia: "Kuna nazi!"

Mouigni akakuna.

"Na kesi hiyo anaisimamia nani huko kwenu?"

"Katibu wa chama. Athoumani."

"Athoumani yupi? Wa marehemu Saïda?"

"Mama yake sikumjua."

"Mwenye kofia?"

"Ndiye."

"Kumbe huyo ni mwanetu! Saïda ni dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Mjomba aliyefariki ni mjomba wa wote wawili, yeye na Mikidache. Athoumani hakuja kuzika, eti kazi nyingi. Alimtuma dada yake Ansoifa. Ansoifa alicheka mpaka akashikwa na kwikwi pale koti lilipovuliwa."

"Koti gani?"

"La Mikidache. Jipya, la kijivu. Jaotombo alisema nyapara hana haki ya kusikia joto. Mikidache akalivua akampa."

Mouigni alisimama kutoka juu ya mbuzi, machicha yamemjaa magotini. Houssen hakuona kilichotolewa. Hakuna aliyetaja koti katika ofisi ile isipokuwa mtu mmoja. *Mtu safi atavua koti lake ampe anayemtukana?* Ansoifa alirudi Mahajanga na hadithi nzima, akamsimulia kaka yake. Athoumani alijua palikuwa matanga, alijua Jaotombo ni nani, tena Jaotombo ni mtani wake yeye mwenyewe. Alijua pia kwamba Mikidache hangeweza kujitetea. Aliliacha pingamizi la mtu mgeni litembee kwa miguu yake.

"Huyu Jaotombo nitampata wapi?"

"Sakatia. Chukua ngalawa. Na ukitapika, tapikia upande wa pili, wenye ngalawa ni jamaa zangu."

Alimkuta Jaotombo ufukweni Sakatia anatoboa ubao wa mtumbwi katika jua la saa saba, amevaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Hulivui?" aliuliza Mouigni.

"Nilivue nini? Nimelipata kwa kazi ya kinywa changu."

Mouigni alimweleza mambo yalivyo huko Mahajanga. Uso wa yule mtu mrefu ulibadilika, utani wote ukamtoka.

"Wamemtenga kwa neno langu?"

"Kwa neno lako na kwa kimya chake."

"Na hakunitaja?"

"Hakukutaja. Amesema heri akose uchaguzi."

Jaotombo aliweka nyundo chini, akakaa akitazama maji. Alikuwa na huzuni ya kweli. Kisha polepole jino moja likaonekana, halafu la pili.

"Umesema mwana wa Saïda yuko huko? Athoumani? Matanga ya mjomba wake hakuja. Mimi nimemchimbia mjomba wake kaburi, na yeye tusi langu hajalionja bado." Akafunga tena kifungo ambacho hakikuwa kimefunguka. "Meli inaondoka lini?"

*

Jumapili ofisi ya chama ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Uchaguzi ungefuata baada ya ripoti, kama Mikidache angeruhusiwa. Kama hangeruhusiwa, pasingekuwa na uchaguzi wa kufuata. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, na hata leo jirani zake walikuwa wamejivuta kidogo.

Mouigni alisimama. Hakutoa karatasi yoyote.

"Kabla sijasema, nataka kanuni ieleweke, nisije nikalaumiwa. Katibu, wewe ulisema mtu akiitwa nyapara mbele ya umati, asijibu, kisha akatoa zawadi, huko ni kukiri. Bado ndivyo usemavyo?"

"Ndivyo," alisema Athoumani.

"Na aliyekiri hafai kugombea."

"Hafai. Iandikwe."

Mwandishi wa chama akaandika.

"Kanuni hiyo ni ya Mikidache peke yake, au ya kila mgombea?"

"Ya kila mgombea, mzee wangu. Hapa hatupendelei mtu." Athoumani aliirekebisha kofia.

Mouigni akaenda mlangoni, akafungua.

Jaotombo aliingia na koti lake, akasimama katikati ya chumba na kutazama huku na huku kama mtu aliyeingia sokoni kununua mbuzi. Alipomwona Athoumani, alipiga kofi lililowagutusha walioko dirishani.

"Ahaa! Mwana wa Saïda! Nyapara mkubwa wewe! Tazameni mashavu hayo, ni jasho la makuli limeganda! Mjomba wako nimemzika mimi, wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unapima kama maiti ina bei? Ulidhani nitaogopa bahari? Mwizi! Ungekuwapo, ungeuza hata sanda!"

Macho ya Athoumani yalimtafuta Mouigni, yakamkuta anatazama dari. Angeweza kumfukuza mtu yule. Lakini Ansoifa alikuwa amesimama dirishani na wanawake wenzake, na nyuma ya Ansoifa kulikuwa na Marodoka nzima, na mama yake aliyelala katika kaburi lililochimbwa na baba yake Jaotombo. Hakusema kitu. Aliinamisha kichwa.

"Nataka kofia," alisema Jaotombo.

Mikono ya Athoumani ilipanda, ikaishika kofia ile, ikasita. Kisha akaivua, akampa.

Dirishani mtu mmoja alianza kucheka, na kicheko kikapita benchi kwa benchi, kwa kila aliyekuwa na mama wa pwani hii. Wahamiaji ndio waliobaki wanashangaa, Houssen wa kwanza. Jirani yake alimwinamia sikioni, akamweleza. Houssen alisimama taratibu.

"Kwa hiyo siku ile," alisema, "palikuwa na maiti?"

"Palikuwa na matanga," alisema Mouigni.

Houssen alimgeukia Athoumani. "Mimi mgeni wa nchi hii. Ndiyo maana kabla sijaweka pingamizi nilikuja kwako. Nilikuuliza, katibu, nimeelewa sawasawa? Labda kuna jambo silijui? Ukanishika bega, ukaniambia nimeelewa. Ukanifanya niue jina la mtu aliyenipa sufuria."

Kicheko kilikwisha. Athoumani alitazama meza.

"Nilijuaje mimi yaliyotokea huko? Sikuwapo."

"Hukuwapo," alisema Mouigni, "lakini siku ya kwanza uliniambia habari ya koti. Houssen hakuliona koti. Mikidache hakulitaja. Mimi nilikwenda kuambiwa Marodoka, juu ya mbuzi ya nazi." Alisogea hadi mezani. "Kanuni yako imeandikwa. Tukiishika, mmekiri wote wawili, hakuna mgombea, na chama hakina katibu kuanzia sasa. Tukiifuta, wote wawili mnafaa. Kuhusu unyapara wenyewe, nimefika hadi gatini Hell-Ville: Mikidache alibeba magunia, na nyapara wa pale anaomba asimwone tena. Chagua wewe."

Kichwa cha Athoumani bila kofia kilionekana kimekuwa kidogo, na upara wake ulikuwa siri mpaka siku ile.

"Ifutwe," alisema.

"Soma wagombea."

Katiba ilitaka jina la kila mgombea lisomwe pamoja na kazi yake, na katibu ndiye msomaji. Athoumani alisimama. Alisoma jina lake kwanza, haraka. Kisha akakohoa.

"Mikidache," alisema. "Kuli."

Benchi la mwisho, mtu aliyekataa kushika ncha ya gunia alijisogeza akakaa karibu yake, bega kwa bega, bila kumtazama. Mikidache alikuwa ameuma mdomo wa chini, macho yamemjaa maji.

"Uongo!" alipiga kelele Jaotombo kutoka mlangoni, koti mwilini na kofia kichwani. "Nyapara huyo! Ninamjua mimi!"

Watu waliangua kicheko, na safari hii hata Houssen alicheka. Mikidache aliinamisha kichwa, hakujibu neno.